Kaboni ya tope la Pangani na udongo unaotoka Same

UKISIMAMA kwenye daraja la Makanya, katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, siku ambayo mvua kubwa imepiga milima ya Chome na Vudee, utaona korongo lililokuwa kavu tangu asubuhi likishuka na maji mazito yenye rangi ya tofali. Wenye mashamba tambarare huyachepusha maji hayo yaingie kwenye mahindi, maana wanajua yamebeba mbolea. Mwenye shamba kule juu hana cha kuchepusha. Mbolea hiyo ilikuwa yake.

Hesabu hii ya wa juu kupoteza na wa chini kupata ni ya zamani sana katika Wilaya ya Same. Kilichoongezeka miaka ya karibuni ni jambo jipya katika daftari: kaboni. Tangu Serikali ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kikawa na kazi ya kuratibu miradi hiyo, habari za vijiji vinavyolipwa kwa kutunza misitu zimefika mbali. Watu wamesikia ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na ya vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi. Wamesikia pia ya Gazi, pwani ya Kenya, ambako wanavijiji wanauza kaboni ya mikoko.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo si la kupuuza. Ikiwa tope la mikoko ni ghala kubwa la kaboni, na ikiwa sehemu ya tope hilo ni udongo ulioteremka kutoka milimani, je, mkulima wa Gonja au Mamba Myamba hana chake katika fedha hizo? Jibu langu ni kwamba analo dai, tena zito, lakini si dai la kaboni. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tushuke mpaka kwenye tope lenyewe.

Tope linavyoshika kaboni

Mkulima wa mpunga katika skimu ya Ndungu anaijua nusu ya kisa hiki kwa miguu yake. Jaruba likikaa na maji wiki kadhaa, tope la chini hugeuka jeusi, na ukilikanyaga viputo hupanda juu. Mabua ya msimu uliopita yaliyozikwa humo hayaozi upesi kama yale yaliyoachwa kwenye shamba kavu la mahindi. Sababu ni hewa. Oksijeni hupenya ndani ya maji kwa mwendo ulio kama mara 10,000 pungufu ya ule wa hewani, na ile kidogo inayofika huliwa na bakteria wa tabaka la juu kabisa. Chini ya hapo, vimelea vinavyoozesha majani na mizizi havina pumzi. Vinafanya kazi, lakini polepole, na vipo vitu kama ule ugumu wa mti ambavyo bila oksijeni karibu havigusiki.

Kwenye mikoko mambo ni hayo hayo, yakiongezewa chumvi. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na bakteria wanaotumia salfeti huwazidi nguvu wale wanaotengeneza methani. Ndiyo maana jaruba la maji baridi hutoa methani nyingi, gesi inayopasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa, wakati tope la mikoko hutoa kidogo tu na badala yake hunuka yai viza. Harufu ile inayowafanya wageni wazibe pua pale Pangani ni alama kwamba kaboni imefungiwa vizuri.

Mti wenyewe nao unasaidia. Mizizi ya mkoko na mchu hukua na kufia ndani ya tope, kwa hiyo kaboni haihitaji kusafirishwa: imezaliwa palepale ilipozikwa. Kaa huvuta majani yaliyoanguka na kuyaingiza mashimoni. Maganda ya mkoko na mkandaa yana ile dawa ambayo watu wa pwani wameitumia tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi, na dawa hiyo hiyo huwakera vimelea wanaoozesha.

Matokeo yake ni ghala ambalo halina mfano katika misitu yetu ya bara. Utafiti wa Daniel Donato na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011 baada ya kupima misitu 25 ya mikoko katika eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulikuta wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta. Kati ya asilimia 49 na 98 ya kaboni hiyo ilikuwa ardhini, si kwenye miti. Kuhusu umri, Paramita Punwong na wenzake walitoboa matope ya delta ya Rufiji na ya Unguja, wakachapisha kazi yao mwaka 2013: chavua za mikoko zilizohifadhiwa humo zinasimulia mabadiliko ya kina cha bahari kwa maelfu ya miaka. Chavua huharibika penye hewa. Kikikaa muda huo bila kuoza, basi kufuli ni imara.

Udongo wa mlimani unaingia wapi?

Hapa ndipo Same inapoingia katika habari ya pwani. Maji ya upande wa mashariki wa Pare Kusini, ya mito kama Hingilili na Yongoma, hushukia kwenye bonde la Mkomazi linalotenganisha milima yetu na Usambara. Mto Mkomazi nao hujiunga na Pangani upande wa juu wa Korogwe. Yaliyo muhimu ni mahali unapojiunga: chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, hukamata tope linalotoka Kilimanjaro na Meru. Haliwezi kukamata la Upare wa mashariki. Kwa hiyo katika tope linalopita Hale na Maporomoko ya Pangani hadi kwenye mdomo wa mto, milima ya Upare na Usambara ina hisa kubwa kuliko ukubwa wake ramani ukiitazama. Mengi huachwa njiani, kwenye lambo la Kalimawe, kwenye majaruba na kwenye vinamasi, lakini chembe za mfinyanzi ni nyepesi na husafiri mbali.

Mfinyanzi huo una kazi ya kweli kule uendako. Uso wa chembe zake hunasa mabaki ya mimea na kuyaficha vimelea visiyafikie. Tena, tope jipya likitua kila msimu, linayafunika ya zamani na kuinua sakafu ya msitu ili isizamishwe na bahari inayopanda. Msitu wa mikoko usiopata tope hatimaye huchoka. Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa pwani hulaumu mabwawa.

Lakini zaidi si bora. Mwaka 1997 na 1998, mvua za El Nino zilipokokota udongo wa mashamba ya nyuma ya Mombasa hadi kwenye hori la Mwache, tope lilifukia mizizi ya kupumulia na sehemu kubwa ya mikoko ikafa imesimama. Mikoko inahitaji tope kwa kijiko, siyo kwa lori.

Ipo pia hitilafu moja ambayo vipeperushi vya kaboni ya buluu havipendi kuitaja. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Hii ni nchi ya wahunzi: Ugweno ilifua chuma kabla ya reli kufika. Kule mlimani, penye hewa, kutu ya chuma ni gundi inayobana mboji kwenye mfinyanzi. Udongo huo ukizama kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huanza kutumia ile kutu kama mbadala wa hewa, gundi inayeyuka, na sehemu ya mboji iliyokuwa imebanwa inaachiwa. Chuma hicho kisha huungana na salfa na kuwa madini mapya. Kwa maneno mengine, ghala la mlimani na ghala la pwani yana kufuli tofauti. Ufunguo wa moja huweza kuwa mwizi wa jingine.

Na hayo madini ya chuma na salfa hayana madhara muda wote tope likiwa limelowa. Ukilikausha kwa kujenga matuta ya chumvi, mabwawa ya kamba au mashamba, hewa inaingia, salfa inageuka tindikali, na kaboni iliyolala karne nyingi inaondoka kama hewa ya ukaa. Waliofyeka mikoko delta ya Rufiji wakapanda mpunga wanajua jinsi jaruba linavyotoa vizuri miaka ya mwanzo, kisha likachoka na mwenyewe akahamia kipande kingine.

Hesabu ya mnunuzi

Sasa turudi kwenye fedha. Mnunuzi wa kaboni hanunui kaboni iliyopo. Ananunua tofauti: hewa ya ukaa ambayo ingeingia angani bila mradi na haikuingia, au iliyotolewa angani kwa sababu ya mradi. Udongo uliotoka Gonja ukafika Pangani ukiwa na mboji yake haujatoa chochote angani. Umehama tu. Tena njiani umepoteza, maana mabonge yanapopasuka kwa mvua na kuviringishwa na maji, mboji iliyokuwa imejificha inafunuliwa na kuliwa. Kiasi kinachopotea hivyo bado wanasayansi wanabishania.

Kwa sababu hiyo, taratibu za kimataifa za kuhesabu kaboni ya mikoko humtaka mwenye mradi akate kaboni iliyoletwa na mto kutoka kwingine, abaki na ile iliyotengenezwa palepale. Mkulima wa Same anayedhani udongo wake unauzwa Pangani atulie: mahesabu yakifanywa sawasawa, hauuzwi. Na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelipia mmomonyoko.

Hata fedha zenyewe za pwani si kama zinavyosimuliwa. Mikoko Pamoja ya Gazi na Makongeni, iliyoanza kuuza mwaka 2013 na ambayo ni mfano unaosifiwa duniani, ina hekta 117 na huuza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Miaka yake ya mwanzo hiyo ilileta kama dola 12,000 kwa mwaka kwa vijiji viwili. Zimejenga mambo ya maana, maji na shule, na sitaki kuzidharau. Lakini zigawe kwa kaya uone zinabaki ngapi. Kwetu kuna jambo jingine: mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya Serikali chini ya TFS, kwa hiyo kijiji cha pwani hakiwezi kuuza kaboni yake kama kijiji cha Katavi kinavyouza ya msitu wake kabla ya kukubaliana na mwenye hifadhi.

Milimita moja ya udongo

Tufanye hesabu ndogo ya nyumbani. Chukua eka moja ya mteremko, mvua za msimu zikaondoa milimita moja tu ya udongo wa juu. Unene huo haufiki wa shilingi, na mwenye shamba hataona kitu. Milimita moja juu ya eka ni mita za ujazo nne, yaani zaidi ya tani tano za udongo. Udongo huo ukiwa na kaboni asilimia mbili, imeondoka kilo 104 za kaboni. Zizidishe mara 3.67 upate hewa ya ukaa: kilo 380. Kwa bei ya kufikirika ya dola 10 kwa tani, na kama angekuwepo wa kuzinunua, thamani yake haifiki dola nne.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Mboji haibebi kaboni peke yake. Kwa kila kilo 12 hivi za kaboni kuna kilo moja ya naitrojeni. Kilo 104 za kaboni zimeondoka na karibu kilo tisa za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Milimita moja, basi, ni zaidi ya theluthi ya mfuko wa urea, bila kutaja fosforasi na uwezo wa udongo kushika maji katika wilaya ambayo tambarare zake hupata mvua za kubahatisha. Naitrojeni ya mboji haitoki yote kwa mwaka mmoja, hilo nakubali. Lakini anayeuza urea Same mjini hatakukopesha kwa kuwa udongo wako unatunza mikoko.

Hesabu hii inaeleza kwa nini nawashauri wakulima wa milimani wasijenge makingamaji kwa ajili ya kaboni. Wayajenge kwa ajili ya mahindi, ndizi na tangawizi. Tangawizi hasa, ambayo Mamba Myamba imejipatia jina kwayo, inahitaji udongo uliotifuliwa vizuri, na inang'olewa kwa kufukua. Shamba la tangawizi lisilo na fanya juu kwenye mteremko ni korongo linalosubiri tarehe.

Si kwamba Wapare hawajui. Matuta ya mawe, mifereji na ndiva vilikuwepo kabla ya afisa ugani wa kwanza, vikitunzwa kwa msaragambo, na miradi kama TIP na SAIPRO iliyofanya kazi Same ilijenga juu ya msingi huo. Wala mmomonyoko si wa jana. Matthias Heckmann, aliyechimba mashimo ya uchunguzi katika mabonde ya Pare Kaskazini na kuchapisha matokeo mwaka 2014, alikuta matabaka ya udongo ulioporomoka tangu yapata miaka 2,000 iliyopita, wakati wakulima na wafua chuma walipoanza kufungua misitu. Sehemu ya udongo wa mababu haikwenda baharini kabisa. Imezikwa chini ya vihamba na migomba ya mabondeni, na mboji yake baadhi ingali humo.

Dai la haki

Nimesema mkulima wa juu analo dai. Dai lake ni la maji. Anayefaidika na mteremko uliotulia wa Upare ni mwenye jaruba la Ndungu na Kihurio ambaye mfereji wake haujai mchanga, ni lambo la Kalimawe, ni mitambo ya umeme ya Hale (1964) na ya Maporomoko ya Pangani iliyozinduliwa mwaka 1995 yenye megawati 68, na ni watu wa Pangani ambao kisima na mnazi wao huharibiwa na maji ya chumvi yanayopanda mtoni pale mto unapokosa nguvu ya kuyasukuma. Hawa wanaweza kujua hasara yao kwa shilingi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, tayari hutoza ada kwa watumiaji.

Jambo hili si ndoto. Katika milima ya Uluguru, kata ya Kibungo Juu, wakulima wa chanzo cha mto Ruvu walilipwa kwa kujenga matuta na kupanda miti, na waliochangia ni pamoja na DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola cha Dar es Salaam. Mpango ule ulitegemea wafadhili kuuendesha na ulikuwa mdogo. Lakini ulionyesha kwamba mtu wa chini hukubali kulipa akionyeshwa maji yalivyokuwa machafu na yalivyo sasa. Kupima tope katika chupa ya maji ya Yongoma ni rahisi mara nyingi kuliko kupima kaboni katika udongo, ambayo hubadilika hatua kumi kwa hatua kumi na huhitaji miaka kabla ongezeko halijaonekana kwenye maabara. Nashangaa kwamba vikao vingi vinazungumzia hilo la pili na vichache hilo la kwanza.

Kama mtu wa kaboni atakuja kijijini hata hivyo, na watakuja, halmashauri ya kijiji imuulize mambo machache kabla ya kupiga muhuri. Mkataba ni wa miaka mingapi, na kijana ambaye leo yupo darasa la tatu atafungwa nao? Ananunua kaboni ya miti au ya udongo, na atapima kina gani? Ukame ukipiga au moto ukipita, hasara ni ya nani? Gharama za wapimaji zinakatwa kabla ya mgawo au baada? Mradi umesajiliwa SUA? Mwenye majibu hatachukia kuulizwa.

Kazi ya msimu huu haihitaji mkataba wowote. Mvua za vuli zikikaribia ndiva huzolewa tope, na mara nyingi tope hilo hurundikwa kingoni, mvua ya kwanza ikalirudisha ndani au kulisukuma bondeni. Lile ni udongo wa juu wa mashamba ya watu, mfinyanzi na mboji vikiwa pamoja. Siku ya msaragambo kila kaya ikiondoka na ndoo kumi na kuzimwaga nyuma ya kingamaji lake, kaboni hiyo itakuwa imerudi ilikotoka, na safari ya Pangani itakuwa imeahirishwa.